Chungu Kimoja kwa Wote

Wapo ndugu zetu ambao maziwa huwasumbua tumbo. Mezani hubaki wakiwatazama wenzao. Leo wapikie supu ya nyanya kwa tui la nazi. Kaanga kitunguu maji na saumu, tia nyanya zilizoiva, zichemke hadi zilainike, kisha uzisage. Ongeza tui jepesi kwanza. Tui zito litie mwishoni, kwa moto mdogo, huku ukikoroga lisije likakatika. Utapata supu laini na nzito, bila tone la maziwa. Ukarimu huanza kwa swali: mgeni wangu anakula nini? Anayeuliza kabla ya kupika amemheshimu mgeni hata kabla hajabisha hodi.