Subira ya Mja Mzito

"Vumilia mwanangu, ndiyo mimba." Mjamzito wa miezi saba akilalamika kwamba kujigeuza kitandani kunamkata kinenani, jibu huwa hilo, kwa mama mkwe na kwa shangazi. Linatoka moyoni, kwa wanawake waliopita njia hiyohiyo. Lakini limebeba swali zito: je, maumivu hayo ni ibada, na anayetafuta nafuu anakwepa alichopangiwa na Mungu?

Mwaka 1847, huko Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kuwapa klorofomu wanawake wanaojifungua. Akijibu pingamizi za kidini, zilizotegemea uchungu aliotajiwa Hawa katika kitabu cha Mwanzo, alitoa kijitabu: neno la Kiebrania linalotafsiriwa uchungu lina maana ya kazi na juhudi, na Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Mwaka 1956 Papa Pius XII naye alikubali njia za kuzaa bila maumivu.

Kisa cha Maryamu katika Qur'ani kinagusa zaidi. Uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, hakukemewa kwa kulalama. Alionyeshwa kijito, akaambiwa autikise mtende, ale, anywe. Nafuu ilikuwepo, ila mkono wa kutikisa ulikuwa wake.

Ndivyo ilivyo tiba ya misuli ya sakafu ya nyonga. Misuli hii imetandazwa kama kitanda cha kamba, toka mfupa wa kinena hadi kifandugu, ikibeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Mimba inapokua, uzito unaizidi. Karibu mjamzito mmoja kati ya watano huumwa nyonga.

Mtaalamu wa fiziotherapia huanza na pumzi. Mama anavuta hewa, sakafu inashuka. Anaitoa huku akivuta misuli juu kama anayebana mkojo, kisha anaachia. Kuachia ndiko kugumu. Mazoezi ya kukaza aliyoyatangaza daktari Arnold Kegel mwaka 1948 hayamfai kila mmoja. Misuli iliyokakamaa hulegezwa kwanza. Anayeona haya ajue mengi hufanywa akiwa na nguo zake, na uchunguzi wa ndani hauna nafasi bila ridhaa yake. (Akiona damu au maji yanamtoka, aende hospitali mara moja.)

Lugha yetu inamwita mja mzito, na mja ni mtumwa wa Mungu. Uzito anao tayari. Hakuna aliyemwagiza auongeze. Subira bado anaihitaji, maana mazoezi haya huchukua wiki. Usiku anaweka mto katikati ya magoti, anayabana pamoja, anatoa pumzi taratibu, kisha mabega na nyonga vinageuka kwa pamoja.