Uhai Katika Chupa: Mmiliki au Mdhamini?

Fitoplanktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini na kujitengenezea chakula kwa mwanga kama ifanyavyo mimea, ni msingi wa mnyororo wa chakula baharini, na baadhi ya wafugaji wa matumbawe huviotesha nyumbani ili kuwalisha chaza na wanyama wengine wanaochuja maji ndani ya tangi la kioo. Katika nyumba ya Kaloleni, jijini Arusha, mbali na bahari, kazi hiyo ingehitaji chupa ya maji yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, mbolea kidogo, taa, na mrija wa hewa unaotoa mapovu bila kukoma; baada ya siku kadhaa kijani hafifu hukolea, nusu ya maji huvunwa, na nusu hubakizwa kuwa mbegu.

Swali huzuka katika nusu hiyo inayobaki: je, anayeotesha uhai ni mmiliki wake, au ni mdhamini tu, yaani mtu aliyekabidhiwa amana? Maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hudokeza jibu, kwa kuwa maji yake ya magadi hustawisha viumbe vya namna hiyo, na heroe huvichuja kwa midomo yao bila mtu yeyote kuwasha taa. Mfugaji, basi, haumbi chochote bali huandaa mazingira, na pampu ya hewa ikizimika, kijani kinachotuama chini ya chupa humkumbusha kwamba uhai alioushika si wake.