Pamba Fifi

Somo: Warumi 5:12–21

Kila mkulima wa Simiyu, kuanzia Busega mpaka Meatu, anajua kazi inayofanyika nyumbani kabla pamba haijapelekwa kwenye mizani ya chama cha ushirika (AMCOS). Mama amekaa juu ya turubai, miguu ameinyoosha, lundo liko mbele yake. Pamba iliyofunguka vizuri, nyeupe, anaitupa upande huu: hiyo ni safi. Iliyotobolewa na funza wa vitumba, iliyonyeshewa ikapata madoa, iliyong'ang'aniwa na majani makavu, anaiweka upande ule: hiyo ni fifi. Fifi nayo hununuliwa, ila kwa bei ya chini, na haijawahi kutokea ikalala usiku ikaamka safi.

Nina jambo la kuungama kuhusu magunia ya pamba.

Miaka kadhaa iliyopita, ndugu mmoja wa usharika wetu alikutwa ameficha mchanga katikati ya pamba yake ili mizani isome zaidi. Aliaibika mbele ya kijiji kizima, na kanisa likamtenga. Baadaye alitubu, akarudisha fedha, nasi tukamrudisha kundini. Jina lake likaandikwa tena kitabuni. Akawa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Ikafika Jumapili ya sadaka ya mavuno. Naye akaja na gunia lake begani, akalitua mbele ya madhabahu pamoja na ya wenzake. Mzee wa kanisa akalifungua, lile moja tu, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa mpaka chini. Mkono ukatoka na pamba, nyeupe, kavu. Kanisa zima lilikuwa kimya. Ndugu yule alikuwa anatazama miguu yake. Mimi, mchungaji wake, nilisimama hatua mbili kutoka pale na sikusema neno.

Wiki hii Paulo amenirudisha kwenye gunia lile. Katika mstari wa 20 anasema dhambi iliongezeka, lakini akifika kwenye neema analiacha neno hilo na kuchukua jingine la Kigiriki, la kufurika, tena analiongezea mbele kiambishi chenye maana ya kupita kiasi. Hazilinganishi hizo mbili kama mawe ya mizani, kwa sababu hiyo ya pili haina kipimo. Na mstari wa 8 wa sura hiyohiyo unaeleza wakati wake: Kristo alitufia tungali wenye dhambi. Hatukuwa tumechambuliwa. Mungu alijua mchanga wote uliokuwa ndani, akatununua kwa damu ya Mwanawe, na bei hiyo ni moja kwa safi na kwa fifi.

Wapo wanaoogopa kuhubiri hivi, wakidhani watu watazidi kutenda dhambi. Paulo mwenyewe analiuliza swali hilo sura ya 6, na anakataa kabisa. Mtazameni Zakayo. Yesu alimwita ashuke mkuyuni na kujialika nyumbani kwake kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti moja. Ahadi ya kulipa mara nne ilikuja baadaye. Sisi tumeugeuza mpangilio huo: tunataka kwanza mtu amalize kulipa, kisha tumkague, kisha tumkague tena, na bado mezani tunamsogeza mwisho.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa ndugu yule. Nilimkuta akitengeneza jembe chini ya mti. Nilimwomba radhi mbele ya mke wake na watoto wake, kwa kuwa nao walikuwepo kanisani siku ile.

Jumapili hii tunashiriki Meza ya Bwana. Kama kuna mtu aliyekwisha kutubu ambaye wewe bado unalipapasa gunia lake, nenda kwake leo au kesho, umwambie umekosa, kisha mje pamoja.