Gharama Isiyoandikwa: Swali la Haki katika Vyakula vya Kujitengenezea Nyumbani

Katika eneo la Mabanga, kaunti ya Bungoma, na kuelekea kaskazini hadi Kitale, ambako mahindi, karanga na maziwa hutoka shambani kabla ya kuonekana dukani, desturi ya kujitengenezea nyumbani vyakula vinavyouzwa vikiwa vimefungashwa, kama vile siagi ya karanga, yogati, mkate na sosi ya nyanya, huhesabiwa kuwa fadhila ya uwekevu, yaani tabia ya kutumia mali kwa kiasi na kwa busara. Hoja ya kuitetea desturi hiyo ni fupi: karanga zinazonunuliwa sokoni kwa gorogoro, kile kipimo cha bati kinachochukua takriban kilo mbili za mahindi, zikiongezwa chumvi na mafuta kidogo, hugharimu pungufu ya mikebe ya supamaketi yenye ujazo uleule. Hesabu hiyo haina kosa, ila ina pengo, kwa kuwa saa za kuchambua, kukaanga, kumenya, kupepeta na kusaga haziandikwi popote. Basi swali la kifalsafa ni hili: je, kitu chaweza kuitwa nafuu ilhali sehemu kubwa ya gharama yake imeachwa nje ya hesabu kwa sababu tu aliyeilipa hakudai?

Pengo hilo ni la kale. Aristotle, katika kitabu chake cha kwanza cha Siasa, alitofautisha oikonomia, yaani sanaa ya kuendesha nyumba ili watu wake wapate mahitaji ya maisha mema, na sanaa ya kuchuma mali kwa ajili ya mali, ambayo kwake haikuwa na mpaka wala heshima. Wanaosifu jiko linalojitosheleza hufuata njia yake, wawe wamemsoma au la. Jambo ambalo sifa hizo hulipita haraka ni kwamba nyumba ya Aristotle ilijitosheleza kwa jasho la watumwa, ambao yeye mwenyewe aliwaita vyombo vyenye uhai, na kwa kazi ya wanawake, ambayo hakuiona kuwa jambo la kujadiliwa kwa kirefu. Kwa hiyo uhuru wa nyumba dhidi ya soko ulikuwa uhuru wa mwenye nyumba.

Mafundisho yenye kina zaidi juu ya jambo hili yanapatikana karibu na Mabanga kuliko Athene. Tangu wamisionari wa Kimarekani walipoanzisha kituo cha Kaimosi mwaka 1902, Kanisa la Marafiki, ambalo waumini wake hujulikana pia kama Wakweka, limeenea magharibi mwa Kenya kiasi kwamba nchi hii ndiyo yenye Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Miongoni mwa ushuhuda wao, yaani kanuni za maisha zinazotarajiwa kuonekana katika matendo, umo ule wa maisha ya kiasi yasiyo na makuu. Kwa urahisi mno ushuhuda huo huchukuliwa kuwa ni kubana matumizi tu. John Woolman, Mkweka wa Marekani aliyeishi kati ya 1720 na 1772, aliuelewa vingine: alijinyima sukari iliyotokana na kazi ya watumwa, si kwa sababu ilikuwa ghali, bali kwa sababu unafuu wake ulikuwa umelipwa na mtu mwingine. Katika nchi ya miwa, ambako kiwanda cha sukari cha Nzoia kiko Bukembe, si mbali na Mabanga, fundisho hilo halihitaji ramani. Linalohitajika ni kulifikisha mahali ambapo Woolman hakulifikisha, yaani jikoni. Anayepaswa kumwuliza muuza sukari ni nani aliyeteseka ili bei ishuke, anapaswa pia kuuliza ni nani aliyekosa usingizi ili mkebe wa siagi ya karanga usinunuliwe.

Pingamizi nzito kuliko zote ni kwamba kazi ya nyumbani ni upendo, na upendo haupimwi kwa shilingi. Pingamizi hiyo ina ukweli, maana mama anayemkorogea mtoto uji hafanyi biashara, na kumwekea bei kungekuwa kumvunjia heshima. Lakini kutoweka bei si sawa na kutohesabu. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na shirika la takwimu la taifa la Kenya mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake hutumia muda mwingi kuliko wanaume, tena kwa mara kadhaa, katika kazi za nyumbani zisizolipwa, na ni vigumu kuamini kwamba upendo umegawanywa kwa uwiano huohuo.

Hata usalama, ambao ndio sababu nzuri ya pili ya kujitengenezea chakula, umejengwa kwa saa hizohizo. Mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilizuia chapa kadhaa za siagi ya karanga na za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu unaoota katika nafaka na karanga zisizokauka vizuri, na watu wengi wakaona kuwa jiko la nyumbani ndilo la kuaminika. Sumu hiyo, hata hivyo, haionekani kwa macho, na kukaanga hakuiondoi yote. Kinga iliyo mikononi mwa nyumba ni kukausha mapema na kuchambua punje moja moja, kutupa zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi. Mkebe wa nyumbani, basi, ni salama kwa kadiri ya uvumilivu wa anayechambua, na uvumilivu wa mtu aliyeamka alfajiri una mwisho.

Jambo hili huwa wazi zaidi chakula kinapotoka nyumbani kwenda sokoni. Chama cha wanawake kikiamua kuuza siagi ileile iliyokuwa ikisifiwa kwa unafuu, hulazimika kwa mara ya kwanza kuandika malipo ya wanaochambua na kusaga, nauli, kuni au makaa, mikebe, na ada za kupata alama ya ubora. Ndipo bei huikaribia ile ya kiwandani, pengine huipita, na wanunuzi, wakiwemo wale waliokula bure mezani kwao miaka mingi, huuliza mbona imepanda.