Nyuma ya Kava

Kuna mahali katika gemu ya Metal Gear Solid ambapo mzee mmoja, aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo, anakwambia umtafute msichana anayeitwa Meryl kwa redio. Namba ya redio yake ni ngapi? Mzee hakumbuki. Anakwambia tu: angalia nyuma ya kava ya CD.

Tulikuwa watatu kwa kina binamu yangu, Umoja, likizo ya Desemba, PS moja na padi ambayo waya wake ulikuwa umefungwa selotepu sehemu mbili. Tukaichukua CD yetu tuangalie nyuma. Ilikuwa ndani ya kimfuko cha plastiki, imeandikwa kwa kalamu nene "METAL GIA 1". Nyuma hakukuwa na kitu. Hata kava yenyewe hakukuwa nayo.

Tukajua ni fumbo. Ndani ya gemu mzee huyo anakupa CD, kwa hivyo tukadhani anamaanisha hiyo. Tukaitafuta kwenye vitu vya shujaa wetu, tukaikodolea macho. Wapi! Mwishowe binamu akaamua tutafute namba kwa mkono. Redio ilikuwa kwenye 140.85. Tukapanda: 140.86, tunapiga, kimya. 140.87, kimya. Tulipokezana padi mpaka shangazi akatuzimia stima ya sebuleni, na hatukumpata Meryl siku hiyo wala kesho yake.

Namba ilikuwa 140.15. Tungeshuka badala ya kupanda tungempata kabla ya chakula cha jioni.

Miaka mingi baadaye niliona kwenye intaneti picha ya kava halisi ya gemu hiyo, ile ya mwaka 1998. Nyuma, kati ya picha ndogo ndogo, kuna moja ya Meryl anazungumza kwenye redio, na namba iko pale wazi kabisa. Nikacheka. Halafu nikahisi kitu kingine ambacho hakikuwa kicheko. Nilikuwa natamani ile kava. Naikosa, kama vile mtu anavyoikosa nyumba aliyolelewa. Ila mimi sikuwahi kuwa nayo. Sasa naikosa vipi?

Hilo ndilo swali langu leo. Je, mtu anaweza kukosa kitu ambacho hakuwahi kukishika? Na akidai anakikosa, anasema ukweli au anaazima kumbukumbu za watu wengine?

Siulizi bure. Wazungu wa rika la wazazi wetu wanayo hamu kubwa ya maboksi ya gemu za zamani, na ukiona kilichokuwa ndani unawaelewa. Mwaka 1982 kampuni ya Marekani iitwayo Infocom ilitoa Deadline, gemu ya maandishi matupu ambapo wewe ni mpelelezi wa kifo cha tajiri. Nafasi kwenye diski ilikuwa finyu, hadithi yote haikuenea. Basi walichofanya ni kuchapisha mahojiano ya polisi na ripoti ya maabara, wakaongeza na vidonge vya kuigiza, wakatia vyote ndani ya boksi. Ulianza upelelezi mezani kabla hujawasha kompyuta.

Mwaka 1984 wakatoa The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Ndani ya boksi ulikuta miwani ya kadibodi nyeusi tititi, usiyoweza kuona chochote ukiivaa, na kimfuko cha plastiki kitupu. Kimfuko hicho kilikuwa na jeshi la vyombo vya angani, vidogo kiasi kwamba macho hayavioni. Fikiria: watu walilipia mfuko mtupu, wakacheka, wakautunza.

Ultima IV ya 1985 ilikuja na ramani ya kitambaa, ishara ya ankh ya chuma, na vitabu viwili. Ndani ya gemu ulihitaji kuchanganya dawa za uchawi, na namna ya kuzichanganya iliandikwa kitabuni. Bila kitabu unabaki kubahatisha. Na StarTropics ya Nintendo, mwaka 1990, ilikuja na barua ya karatasi kutoka kwa mjomba wa shujaa. Gemu ikikufikisha mahali fulani inakuambia uitie maji. Ukiiloweka, namba inajitokeza: 747. Mtoto anaamka sebuleni, anaenda jikoni kutafuta karai.

Sasa, kabla hatujaanza kulia pamoja nao, tuwe wakweli. Waswahili walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Boksi lilikuwa tangazo kabla ya kuwa zawadi. Tazama gemu za Atari za miaka hiyo: juu ya boksi kuna mchoro wa rangi, mashujaa na mazimwi. Ukiwasha ile Adventure ya 1980, shujaa ni kijimraba. Kijimraba kabisa, buda! Na zimwi linafanana na bata. Anayesema zamani boksi lilikuwa la ukweli amesahau sehemu.

Tena boksi lilikuwa kufuli. Gemu nyingi za kompyuta zilikusimamisha zikakuuliza neno fulani kwenye ukurasa fulani wa kijitabu, ili zijue kama ulinunua au ulinakili. The Secret of Monkey Island ya 1990 ilikuwa na gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia. Unalizungusha mpaka uso uliouona kwenye skrini utokee, halafu unasoma mwaka. Usipokuwa na gurudumu, mlangoni hapo hapo unaambiwa kwaheri. Ile namba ya Meryl nayo, sijui waliiweka nyuma ya kava kwa utani au kwa ulinzi, lakini sisi ilitupata vilevile. Kava ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyenunua, na mtu huyo hakuwa sisi. Bei ya CD halisi ilikuwa hesabu ya watu wengine.

Kwa hivyo mtu anaweza kuniambia: unachokikosa ni ukuta uliojengwa kukuzuia usiingie. Achana nao.

Nimelifikiria jibu hilo na sikubaliani nalo lote. Neno ambalo Wazungu hutumia kwa hamu ya namna hii, nostalgia, lilitungwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari wa Uswisi, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Kwake ulikuwa ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Kwa maana hiyo mimi si mgonjwa, maana kwenye boksi hakukuwa kwetu. Ila kuna maumivu mengine ambayo hayahitaji kurudi. Mtoto aliyekua bila babu anaweza kumkosa babu. Anaona wenzake wakifundishwa kutega ndege au kuhesabu ng'ombe, anaelewa kwamba kuna kitu ambacho mtu mzima humwekea mtoto, na yeye hakuwekewa. Hadanganyi. Anajua umbo la kilichokosekana kwa sababu anaishi na pengo lake.

Mimi karatasi yenyewe sina haja nayo. Nilichokiona nyuma ya ile kava ni kwamba mtu alikaa chini, akamfikiria mchezaji ambaye hajamwona, akasema: atafika hapa, atakwama, nimwachie kitu. Boksi lile, pamoja na uongo wake na kufuli lake, lilikuwa na mtu ndani anayekungojea. Hata ule mfuko mtupu ulikuwa na mtu. Kimfuko chetu cha Umoja kilikuwa kitupu pia, ila utupu wake haukuwa na mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa muda mrefu, na nilikosea.

Kwa sababu sisi pia tulikuwa na kijitabu. Kilikuwa daftari la kurasa 48, jalada la bluu, na mwandishi wake alikuwa binamu yangu. CD nyingi za mpira tulizopata zilikuwa za Kijapani. Hakuna aliyejua herufi moja. Binamu alikaa na gemu, akabonyeza kila kitu, akaandika: "Ya kwanza juu ni mechi. Ya pili ligi. Ya tatu usiguse, inafuta." Kurasa zilizofuata zilikuwa za GTA San Andreas, tulipohamia PS2. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, halafu hizo nne tena: pesa, afya, na vazi la kuzuia risasi. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: "fanya haraka, usifikirie".

Daftari hilo lilizunguka. Liliazimwa mpaka ploti ya pili, likarudi na mafuta ya chapo na mwandiko mpya. Mtu ambaye sikumjua alikuwa amesahihisha kodi moja na kuongeza mbili. Hakuna aliyelipwa. Hakuna aliyeandika jina. Binamu alipopata kazi Qatar aliniachia, bila hotuba. Alisema tu, "Shika, hii utaihitaji." PS ilishakufa. Sikuihitaji. Bado ninalo.

Haya, twende kwenye kinachoniuma hasa.

Mwaka jana mpwa wangu, ana miaka 12, aliibiwa simu ndani ya matatu. Gemu aliyoichezea miaka miwili ilikuwa humo. Simu tukapata nyingine, ya bei nafuu, lakini akaunti haikurudi. Paswadi alisahau, namba iliyotumika kuifungua ilikuwa ya laini iliyokwisha kufungwa, na kila tulipoandika kuomba msaada tulijibiwa na mashine. Alilia kama mtu aliyefiwa. Dada yangu akamwambia, "Si ni gemu tu?" Nami nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo, nikaufunga.

Maana sio yeye pekee. Gemu ya magari iitwayo The Crew ilitoka Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wenyewe, Ubisoft, wakazima seva, na gemu ikafa, hata kwa aliyekuwa na diski yake mkononi. Huko California imepitishwa sheria, ikaanza kutumika 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa ya kidijitali asitumie neno "nunua" ovyo bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni leseni. Ni jambo jema, lakini soma tena uone linakiri nini. Miaka yote hiyo tulipobonyeza "nunua" hatukununua.

Kwa hivyo boksi peke yake si dawa. Unaweza kuwa na boksi zuri la kupanga kwenye rafu, la kupigia picha, na ndani kuna ufunguo wa mlango ambao mwingine ataufunga akipenda. Leo kuna matoleo ya bei ya juu yenye ramani za kitambaa na sanamu, ya watu wenye uwezo, na siwaonei wivu. Lakini hamu ikiishia hapo itakuwa imegeuka biashara. Nadhani deni la anayeikumbuka zamani kwa upendo ni kuuliza kilichokuwa chema ndani yake, kisha kuwapa wale ambao zamani hiyo haikuwafikia.

Kilichokuwa chema ni hiki: kulikuwa na kitu cha kuachiwa. CD yetu ya wizi, sijivunii wizi wake, tungeweza kumpa mtu. Memori kadi ungeibeba mfukoni mpaka kwa rafiki, miezi yako yote ikiwa humo. Daftari lingeweza kuchafuka. Mpwa wangu ana gemu nzuri kuliko zote nilizowahi kucheza, na hana hata moja anayoweza kumwachia mdogo wake. Tukimwambia ni gemu tu, tunamfundisha kwamba miaka yake miwili haikuwa kitu, na kwamba vitu vyake ni vya kuchukuliwa bila kuulizwa. Hilo ni somo baya, na atalibeba mpaka kwenye mambo makubwa kuliko gemu.

Sina uwezo wa kurudisha akaunti. Nilichofanya ni kidogo. Nilienda kwake Jumapili moja na lile daftari, nikamwambia kurasa sita za mwisho ni tupu. Akalipekua, akacheka mwandiko, akauliza X ni nini kwa simu. Halafu akaanza kuandika alichokumbuka: ngazi ipi ngumu, wapi usipoteze almasi zako, jinsi ya kumpiga yule jitu la barafu. Juu kabisa aliandika, bila mimi kumwambia: "Andika paswadi mahali."

Ndani ya jalada la nyuma, kwa mwandiko wa binamu, kuna namba moja imezungushiwa duara mara tatu. Hakuna maelezo. Sijui aliipata kwa nani, wala lini.

"Anko, hii 140.15 ni ya nini?"

Nikavuta kiti. Nikamwambia tulikuwa watatu, likizo ya Desemba.