Kazi ya Fyuzi ni Kukatika

Jumamosi moja jirani yangu hapa Gumbo, pembezoni mwa Juba, alipigiwa simu na dereva wa lori la Mombasa: mzigo wako umefika, njoo uuchukue kabla sijavuka daraja kuingia mjini. Nikamsindikiza nikidhani kuna kitu cha kubeba. Alichokabidhiwa ni kiboksi cha kuenea kiganjani. Ndani, juu ya sifongo jeusi, ililala fyuzi moja.

Urefu milimita 20, unene 5, kama fyuzi nyingine za nyuma ya amplifaya. Ila hii ncha zake zilipakwa dhahabu, na ubavuni palichorwa mshale kuonyesha umeme upite kuelekea wapi. Nduguye aliyeko Kanada aliinunua kwa zaidi ya dola 100, ikapitia Nairobi. “Ustaz,” akaniambia kwa Kiswahili chake alichojifunzia kambini Kakuma, “hii itafungua sauti.”

Ule mshale ndio ulionichekesha. Umeme wa majumbani kwetu, wa jenereta au wa gridi, hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde. Ukienda kwa mshale, lazima urudi kinyume chake. Tena muziki wenyewe haupiti pale. Umeme ukishavuka fyuzi huingia kwenye transfoma, unanyooshwa, unalimbikizwa kwenye kapasita, na hapo ndipo amplifaya inapochota nguvu ya kusukuma spika. Na kabla ya kuifikia fyuzi umetoka kwenye jenereta ya mtaa, umepita kwenye nguzo za miti na waya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni. Ni sawa na kuiacha barabara ya kutoka Nimule hadi Juba, kilomita 192, na mashimo yake yote, halafu ukatandika zulia kizingitini.

Sikumwambia hayo. Hapa hubishani na mtu juu ya ng'ombe wake, na redio ya mzee huyu ni ng'ombe wake. Nilimwomba tu tujaribu.

Binti yake wa darasa la nane akakaa nyuma ya pazia na fyuzi mbili: ile ya dhahabu na ya kioo niliyonunua sokoni. Kila mara alizima, akachomoa waya ukutani, akafungua kishikio, akaweka aliyotaka, au akairudisha ile ile. Mara kumi. Wimbo ulikuwa mmoja, rumba la zamani ambalo mzee analijua hadi pumzi ya mwimbaji. Yeye aliandika anachokisikia, binti akaandika alichoweka. Raundi ya saba mzee alisimama kabisa: “Hii! Sikia besi hiyo!” Ilikuwa ya kioo. Mwishoni alipata nne kati ya kumi, pungufu ya mtu anayerusha shilingi.

Alicheka, nami sikumcheka. Nina kalamu ya bei kubwa ambayo kwa miaka mingi niliamini inaandika vizuri kuliko Bic. Mtu akishalipa, masikio huwa upande wa mfuko.

Lakini kilichonikalia rohoni si dhahabu ile. Ni tulichokikuta tulipofungua nyuma ya amplifaya kwa mara ya kwanza, kabla ya majaribio. Fyuzi iliyokuwemo ilishakatika zamani, na mtu alikuwa ameiviringishia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Miezi mingi mzee amekuwa akisikiliza rumba lake kupitia karatasi hiyo, na hakuwahi kulalamika kuhusu sauti.

Yalianza hivi. Kwenye mwili wa amplifaya, kando ya kishikio, pameandikwa T2A. Ile T ina maana fyuzi mvumilivu. Transfoma ikiwashwa hugugumia umeme mwingi kwa kitambo kidogo, kisha hutulia, na fyuzi ya T huuvumilia ugugumiaji ule. Ya kwanza ilipokatika, sokoni mzee akapewa ya F, ya haraka, ampea mbili vilevile. Ikakatika asubuhi ya kwanza. Akanunua nyingine, nayo ikaenda. Fundi akachoka, mzee akachoka, karatasi ikaingia. Herufi moja tu.

Sasa fikiria. Ampea 2 kwa volti 230 ni wati 460. Ampea zikizidi sana, fyuzi halali inayeyuka na mambo yanaishia hapo. Waya wake uliwekwa makusudi uwe wa kwanza kufa. Karatasi ya sigara haina ahadi hiyo. Itapitisha umeme wa hatari huku transfoma ikigeuka jiko. Kwenye laini yetu yupo fundi wa kuchomelea mageti. Akiachia kazi ghafla, taa za mtaa mzima zinang'aa kama zinataka kupasuka. Nyuma ya amplifaya ya mzee pana ukuta wa matete na turubai, na upande wa pili wanalala watoto wanne. Karatasi, kioo, dhahabu, zote zingeimba sawa hadi usiku huo mmoja.

Sauti tuliirekebisha jioni ile ile bila senti. Tulizitoa spika pembeni, ambako bati lilikuwa likitetemeka kwa kila besi, tukazikalisha juu ya matofali na kutundika blanketi nyuma yake. Mzee mwenyewe alikiri. Kisha mvua ikanyesha juu ya bati, hatukusikia chochote hadi saa tatu.

Fyuzi ya dhahabu tumeiacha humo. Imeandikwa T2A, inafaa. Siku ikikatika tutaweka ya kioo. Nawe msomaji, leo zima redio yako, chomoa waya ukutani, ufungue kishikio cha fyuzi. Ukikuta karatasi ya sigara au uzi wa shaba, utoe, usiwashe tena hadi upate fyuzi yenye herufi na namba zile zile zilizoandikwa pale.