Waliongoja Miaka Kumi



Mwezi Machi 2022, pale Magomeni Kota, wilayani Kinondoni, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba za ghorofa za kukaa kaya 644. Watu wengi waliipokea habari ile kama habari ya majengo, na kweli majengo yenyewe yapendeza macho. Sisi twapenda kuitazama kama habari ya watu. Kaya zile 644 hazikuwa ngeni mahali pale. Zilikuwa zimeishi papo hapo katika kota za zamani, mpaka yapata mwaka 2011 zilipotakiwa kuondoka. Kota zikabomolewa, na uwanja ukabaki mtupu miaka mingi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika akawaahidi kwamba Serikali itajenga upya, nao watakaa miaka mitano pasipo kulipa kodi. Wakala wa Majengo Tanzania ukajenga. Aliyetoa ahadi aliaga dunia Machi 2021, mwaka mmoja kabla ya uzinduzi.

Twaishukuru Serikali kwa kuitimiza ahadi hiyo. Ni watu wachache waliobomolewa nyumba katika mji wa Dar es Salaam walioitwa tena kwa hesabu yao kamili, kaya kwa kaya, kurudi mahali pale pale walipotoka. Lakini shukrani isitufanye tusahau kuhesabu. Mtoto aliyeondoka Magomeni akianza darasa la kwanza alikuwa amekwisha maliza kidato cha nne siku ya uzinduzi. Na mzee aliyeondoka na miaka sabini, je, alikuwa wapi siku ile?

Wako wasemao: watu wale walikuwa wapangaji tu, nyumba hazikuwa zao, basi walidai nini? Neno hili latupasa kulipima polepole, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu, hata Wakristo wema, tunapojikwaa. Lugha yetu yenyewe yatufundisha. Mpangaji akitoka kazini jioni hasemi, “Naenda kwa mwenye nyumba.” Husema, “Naenda kwangu.” Nyumba si yake, naye ajua, hata hivyo mahali pale ni kwake. Pale alizalia watoto wake, pale majirani walimkesha mumewe alipofariki, pale ajua ni nani wa kumgongea mlango usiku mtoto akishikwa na homa. Hati ya kiwanja yaweza kusema nyumba ni ya nani. Hakuna hati iwezayo kusema kwake mtu ni wapi, na kitu kisichoandikwa hakilipwi fidia.

Padre mmoja rafiki yetu alitusimulia habari iliyompata zamani katika mtaa uliokuwa ukibomolewa. Alikuwa amezoea kumpelekea Komunyo Takatifu kikongwe mmoja mgonjwa kila Ijumaa ya kwanza. Ijumaa moja alifika akakuta vifusi. Alisimama na Sakramenti kifuani pake asijue aelekee wapi. Katekista alikuwa na daftari la jumuiya, na majina yote yalikuwamo, baba, mama, watoto na tarehe zao za ubatizo. Wenye majina hawakuwapo. Wengine walisikika wako Mbagala, wengine Chanika, wengine wamerudi bara. Kikongwe yule alimtafuta wiki nyingi. Aliyemsaidia kumpata ni mama Mwislamu aliyekuwa akikaa naye nyumba moja, kwa kuwa yeye alijua mkwewe anauza samaki soko gani.

Waliokulia Temeke, Magomeni au Kinondoni wazijua nyumba hizo: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, na baraza mbele ya mtaa. Humo Mnyamwezi, Mzaramo na Mhaya walichota maji bomba moja na kuazimana chumvi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955, alikuja kukaa Magomeni, na nyumba yake ya mtaa wa Ifunda imehifadhiwa kuwa makumbusho. Twaitaja ili mtu asidhani kwamba vitongoji hivi ni maficho ya wavivu.

Kanisa halifundishi kwamba kila banda lililosimama lisiguswe. Barabara zahitajika, mifereji yahitajika, na nyumba ziliyojaa maji kila masika si heri kwa mtu ye yote. Tume ya Papa ya Haki na Amani, katika barua yake ya Desemba 1987 juu ya watu wasio na makao, ilifundisha kwamba makao ni haki ya mwanadamu, wala si bidhaa tu ya kuuzwa na kununuliwa. Naye hayati Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote, aliligusa jambo lenyewe hasa: ikiwa ni lazima maskini wahamishwe, basi wapewe habari mapema, waonyeshwe makao yenye heshima watakayoweza kuchagua, na wao wenyewe washirikishwe katika shauri hilo. Maneno hayo yangeweza kuandikwa juu ya meza ya kila ofisi ya ardhi.

Soma tena habari za Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Sisi sote twamkumbuka Ahabu kama mfalme mnyang’anyi, na twasahau alivyoanza. Alianza vizuri! Alimwambia Nabothi atampa shamba lililo bora zaidi, au akipenda fedha, atamlipa fedha. Mpimaji wa siku hizi asingaliona kosa. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Dhambi ilianza pale mfalme aliposhindwa kulivumilia neno la mtu mdogo, akalala na kuugeuza uso wake ukutani, akamwachia mwingine afanye yaliyobaki. Wasimamizi wetu wengi si akina Ahabu, twasema kweli. Ila kugeuza uso ukutani ni tabia ambayo hata mtu mpole aweza kuwa nayo, hasa akiwa na dereva.

Sheria zetu hazina upungufu wa maneno mazuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hapo haiko mbali na Kitabu cha Walawi, ambamo Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni wake tu. Tena yataka fidia iwe kamili, iwe ya haki, na ilipwe bila kuchelewa. Twaomba neno hili la tatu lisomwe kwa sauti. Fidia ya kununulia tofali leo hainunui hata nusu yake baada ya miaka minane, na aliyekuwa akingoja alikuwa akilipa kodi kwa wengine wakati wote huo.

Nchi hii ina mazoea marefu katika kazi hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika miaka ile ya kwanza lilijishughulisha sana kubomoa vibanda vya udongo na makuti na kujenga vya saruji mahali pao. Kazi njema, lakini kila nyumba mpya ilikuwa imekula ya zamani, na watu wa kutoka mikoani waliendelea kuingia mjini. Hivyo katika miaka ya 1970 Serikali iligeuza njia: Sinza na Kijitonyama vikapimwa viwanja, na kule Manzese watu wakaachwa mahali pao wakapelekewa barabara, maji na mifereji. Hatudai kwamba Manzese pamekuwa paradiso. Apitaye huko siku ya mvua atatucheka. Twasema tu kwamba hawakutawanywa.

Turudi Magomeni. Rais Samia aliagiza wakazi waweze kuzinunua nyumba zile kidogo kidogo, kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, wasidaiwe thamani ya ardhi. Ni nafuu kubwa. Bei iliyotangazwa baadaye ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja, na zaidi ya milioni 56 kwa ile ya vyumba viwili, kulipwa katika miaka 30. Akina mama wanaojua hesabu ya maandazi watagawanya upesi: ni zaidi ya shilingi laki moja na thelathini elfu kila mwezi, hata ukichukua ile ndogo. Na mjane wa miaka 70 atamaliza deni lake akiwa na miaka 100. Pasipo watoto wenye kazi atakaa humo kama mgeni wa deni, na siku atakaposhindwa, atatokea mwenye fedha wa kumpokea ufunguo. Wakati huo hapatakuwa na buldoza wala kelele. Kaya zitaondoka moja moja, na gazeti halitaandika. Hilo ndilo tunaloliogopa kuliko vifusi, nasi twaomba wahusika walitazame mapema wakingali na nafasi: labda kodi ndogo ya maisha kwa wazee wasiotaka kununua, labda njia nyingine watakayoiona wao walio mafundi wa mambo hayo.

Na ninyi mnaokaa ghorofani, mliozoea uani, mna mengi ya kupanga upya. Torati ilimwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Basi watoto waangaliwe ngazini na vibarazani. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani milango ikiwa imefungwa. Kubalianeni tangu sasa turubai la msiba litafungwa wapi, kwa sababu siku ya msiba si siku ya kubishana.

Neno moja limebaki, nalo ni kwa wasomaji wetu walio na vyumba vya kupangisha Temeke, Mbagala, Tandika na kwingineko. Mtaa ukibomolewa, waliobomolewa hufika mlangoni kwako na godoro na watoto. Desturi ya mjini ni kuwadai kodi ya miezi sita mbele, pengine ya mwaka mzima. Fedha hiyo hawana siku hiyo, na wewe wajua hawana. Pokea ya mwezi mmoja. Kisha mpeleke yule mama kwa mwenyekiti wa jumuiya yako, au kama ni Mwislamu, kwa jirani yako wa msikitini, aandikwe jina lake na ajulikane amekuja kukaa hapo.